Upepo Ukitulia, Vumbi Hubaki na Watoto

Habari za dhoruba ya vumbi huisha mapema mno. Anga linapogeuka jekundu picha husambaa kila kona, ndege hupelekwa viwanja vingine, na wenye pumu huambiwa wasitoke nje. Kesho yake jua linawaka kama kawaida, kila nyumba inashika ufagio, na sisi waandishi tunahamia kwenye jambo lingine. Hoja yangu ni kwamba kwa mtoto mdogo, hatari inayodumu huanzia pale pale tunapodhani mambo yamekwisha. Vumbi limeshaingia ndani, limetua sakafuni, kwenye godoro, kwenye chandarua na juu ya kabati, na litakaa humo wiki nyingi likitimuliwa na kutua tena. Namna tunavyoliondoa, na mtu tunayemwachia kazi hiyo, ndivyo vinavyoamua ni kiasi gani kitaishia kwenye mapafu na tumbo la mtoto. Kwa yote mawili tunakosea.

Katika dhoruba zilizochunguzwa kwa karibu, mojawapo ni ile ya Australia ya Septemba 2009. Tarehe 22 upepo mkali uliukumba udongo mkavu wa bonde la Ziwa Eyre na wa magharibi ya jimbo la New South Wales, nchi iliyokuwa imechoshwa na miaka ya ukame. Mji wa migodi wa Broken Hill ukaingia giza. Alfajiri ya tarehe 23 wakazi wa Sydney waliamkia mwanga mwekundu, na kipimo cha chembe za vumbi hewani kikapanda hadi kupita mikrogramu 15,000 kwa mita ya ujazo katika muda wa saa moja, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa saa 24 usizidi 45. Wataalamu walikadiria kuwa tani zipatazo milioni 2.5 za udongo zilivuka pwani zikaishia baharini. Watafiti walipopitia kumbukumbu za hospitali za Sydney waliona kuwa waliokimbizwa idara za dharura kwa pumu waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, na walioumia zaidi ya wengine walikuwa watoto wa miaka 5 kurudi chini pamoja na wazee. Waliolazwa kwa hali mbaya hawakuongezeka kwa kiasi cha kutisha. Matokeo hayo husomwa kama habari njema, na kwa sehemu ni njema kweli. Lakini kilichohesabiwa ni siku za dhoruba na waliofika mlangoni mwa hospitali. Mtoto aliyeendelea kulala mwezi mzima kwenye godoro lenye vumbi hilo, akikohoa usiku bila kufikishwa popote, hawezi kuonekana katika hesabu ya namna hiyo.

Kwetu ukuta wa vumbi kama ule ni nadra. Vumbi letu huja kwa mafungu madogo yasiyoisha: upepo wa kiangazi unaovuma Dodoma, Singida na Shinyanga mvua zikishakatika, chamchela zinazozunguka viwanjani saa za adhuhuri, na upepo wa Turkana na Marsabit, ambao una nguvu na uthabiti wa kutosha kuzungusha mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 310 kando ya Ziwa Turkana. Kwa kuwa halipigwi picha, tumelizoea. Mwaka 2020 jarida la kisayansi la Nature Sustainability lilichapisha utafiti uliotumia taarifa za watoto karibu milioni moja waliozaliwa katika nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara, ukilinganisha maisha yao na vumbi linalopeperushwa kutoka bonde la Bodélé nchini Chad. Mahali ambapo wastani wa mwaka wa chembe laini hewani ulipanda kwa robo, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipanda kwa asilimia 18. Bodélé hakuna viwanda wala foleni za magari. Ni sakafu ya ziwa lililokauka, na kinachoruka kutoka humo ni udongo. Anayesema vumbi la udongo halina neno, atafute kwanza jibu la takwimu hiyo.

Mtoto anayetambaa havuti hewa ile ile tunayoivuta sisi tuliosimama. Pua yake iko karibu na sakafu, na kila anaposogeza goti na kiganja anatimua vumbi mbele ya uso wake mwenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Finland, walitengeneza roboti yenye umbo la mtoto mchanga, wakaitambaza juu ya mazulia yaliyotolewa kwenye nyumba za watu, wakapima hewa ya usawa wa pua yake. Kwa kila kilo ya uzito wa mwili, mtoto anayetambaa alionekana kuvuta karibu mara nne ya kiasi ambacho mtu mzima angevuta akitembea juu ya zulia hilo hilo. Ongeza na kile anachokila. Mamlaka za mazingira za Marekani kwa miaka mingi zimetumia kadirio la miligramu 100 hivi za udongo na vumbi kwa siku kwa mtoto wa kawaida wa chini ya miaka 6, nalo humfikia kwa njia ya vidole, mdoli, kijiko kilichodondoka na ukingo wa mkeka anaoutafuna. Kiasi hicho hakijazi hata ncha ya kijiko cha chai, ila hakikosi siku. Na njia zake za hewa ni nyembamba, kiasi kwamba uvimbe mdogo ambao mtu mzima angeuita mafua, kwake ni kupumua kwa shida.

Sasa tutazame tunachokifanya upepo ukishatulia. Tunafagia, na tunafagia pakavu. Fagio la chelewa au la nyasi hukusanya mchanga, majani na chembe nene, na macho yetu yanaridhika kwa kuwa sakafu imebadilika rangi. Chembe laini hazikusanyiki kwa ufagio; zinaruka. Sheria za fizikia hapa hazina huruma: punje ya vumbi yenye upana wa mikroni 10, ambayo tayari ni nyembamba kuliko unywele, hushuka kutoka kimo cha mtu mzima hadi chini kwa dakika chache, lakini ya mikroni 1 huchukua saa kadhaa hata hewa ikiwa imetulia kabisa. Hizo za mwisho ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mama anayefagia saa 12 asubuhi, akamaliza na kumweka mtoto chini aanze kucheza, amemweka ndani ya wingu asiloliona. Feni ikiwashwa, wingu halitui. Jioni chandarua kilichoning'inia juu ya kitanda tangu asubuhi kinateremshwa na kukung'utwa kidogo kabla ya kuchomekwa chini ya godoro, na vumbi lililokamatwa na matundu yake siku nzima linamwagika pale pale penye mto. Chandarua kinaokoa maisha na kisiondolewe. Kioshwe tu mapema, na kikung'utiwe nje.

Shuleni hali ni mbaya zaidi, maana huko tumeipa kazi hiyo watoto wenyewe. Kila aliyesoma shule ya msingi anaijua zamu ya usafi: wanafunzi wa zamu wanaingia mapema, wanapandisha viti juu ya madawati, wanafagia sakafu ya saruji iliyochimbika au ya udongo mtupu, na kengele inapolia wenzao wote wanaingia. Miale ya jua inapopenya dirishani vumbi linaonekana wazi likielea wakati mwalimu anaita majina. Darasa lina watoto 60, 80, pengine zaidi, na miguu yao inalitimua upya kila wanaposimama kumwamkia mgeni. Siku inayofuata upepo mkali, vumbi hilo huongezeka mara nyingi, na zamu ni ile ile. Sina ugomvi na kuwafundisha watoto usafi na kazi. Nina ugomvi na kuwapa kazi hiyo pakavu, wakiwa wameinama, bila hata kopo la maji la kunyunyiza kwanza.

Na hapa lazima tuulize vumbi lenyewe lina nini, kwa sababu upepo haubagui unachobeba. Sehemu kubwa ni udongo wa mashamba na barabara. Ndani yake huchanganyika kinyesi cha mifugo kilichokauka, majivu ya taka zilizochomwa mtaani, unga wa rangi za zamani zilizobanduka ukutani, na kando ya gereji na mafundi wa betri, madini ya risasi. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama mwilini, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya sehemu ambayo mtu mzima hufyonza kutokana na dozi ile ile aliyoimeza. Inamharibu ubongo ungali unajengeka, na madhara hayo hayarudi nyuma. Broken Hill, mji uleule uliotiwa giza mwaka 2009, umejengwa juu ya mgodi wa fedha, risasi na zinki uliogunduliwa 1883, na tangu 1991 watoto wake wamekuwa wakipimwa damu kwa utaratibu kwa sababu vumbi la nyumba na la uani lina risasi. Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walipelekana mahakamani kwa miaka mingi juu ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichokuwa ubavuni mwa nyumba zao. Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani na unga wake kutua kila mahali. Madaktari Wasio na Mipaka waliokwenda kuwatibu walishikilia jambo moja ambalo kila mwenye mamlaka ya afya angepaswa kulikariri: ondoeni kwanza udongo na vumbi kwenye makazi, ndipo dawa itafaa, maana mtoto anayetibiwa na kurudishwa kwenye ua ule ule anarudi na sumu ile ile.

Sisemi kila sebule ya Dodoma ni Zamfara. Vumbi la mahali pasipo na chanzo cha risasi halitengenezi risasi, na mtu anayeishi mbali na gereji, karasha la wachimbaji au kiwanda hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Lakini wanaoishi jirani na vitu hivyo ni wengi, na wengi wao ni wapangaji wa vyumba vya bei nafuu wenye watoto wadogo. Kwao dhoruba moja inaweza kuhamishia ndani, kwa alasiri moja, uchafu uliokuwa umelala nje kwa miaka. Vivyo hivyo dari. Nyumba nyingi za bati zina mwanya kati ya ukuta na paa, na juu ya gypsum au mbao vumbi la misimu mingi limejikusanya likisubiri mtu wa kulivuruga. Fundi umeme akipanda humo wakati mtoto amelala chumbani, atashuka na kazi imekamilika na chumba kimechafuka kuliko siku ya dhoruba yenyewe. Paa nalo lina lake: mvua ya kwanza baada ya kiangazi huteremsha kila kilichotua juu ya bati moja kwa moja hadi kwenye tangi la maji ya kunywa, mfereji usipogeuzwa pembeni kwa dakika za mwanzo.

Dawa ya vumbi la ndani inajulikana na si ya gharama: maji. Upepo ukishatulia madirisha yafunguliwe, watoto na mwenye pumu watolewe nje, na anayefanya usafi afunge pua na mdomo kwa barakoa, au kwa khanga kama hana kingine. Kazi ianzie juu na kushuka chini, kuanzia kenchi na kabati hadi kwenye fremu za madirisha na meza, yote kwa tambara lenye maji lililokamuliwa, na sakafu ipigwe deki mwisho. Ndoo ziwe mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia tambara, kwa maana tambara lililochovywa kwenye ndoo moja mpaka mwisho linapaka tope jembamba ambalo likikauka linakuwa vumbi tena. Sakafu ya udongo haipigwi deki, bali inanyunyiziwa maji kidogo kwa mkono, inaachwa inywe, ndipo ifagiwe polepole. Kina mama wengi bado hufanya hivyo uani kila asubuhi, na ni ajabu kwamba tulipojenga sakafu za saruji tuliacha desturi hiyo nje ya mlango. Matandiko na mazulia yakung'utiwe mbali na nyumba. Vitu vya kuchezea vioshwe, na mikono ya mtoto inawishwe kabla hajala na kabla hajalala. Wenye mashine za umeme za kufyonza vumbi nao wajue kwamba mashine isiyo na kichujio cha chembe laini inameza mchanga mbele na kupuliza unga nyuma.

Ningeweza kuishia hapo, na makala nyingi za afya huishia hapo: mama ameelekezwa, mwandishi amemaliza kazi. Ushahidi unakataa. Wataalamu waliokusanya na kuzipitia tafiti za nchi mbalimbali juu ya kuzuia risasi majumbani walikuta kwamba kuwapa wazazi elimu na vifaa vya usafi, kisha kuwaacha wajisimamie, hakukupunguza risasi katika damu ya watoto kwa kiasi cha maana. Hitimisho hilo linaweza kumkatisha mtu tamaa mpaka asome jaribio lililofanyika Jersey City, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1999. Familia zenye watoto wadogo ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Upande mmoja, wafanyakazi waliofunzwa walifika kila baada ya wiki mbili hivi kwa mwaka mzima, wakafuta na kupiga deki pamoja na mama wa nyumba. Damu ya watoto wa kundi hilo ilipungua risasi kwa asilimia 17, na katika nyumba zilizofikiwa mara 20 au zaidi ikapungua kwa asilimia 34. Upande wa pili, hakuna kilichobadilika. Kilichotofautisha makundi hayo hakikuwa uelewa wa mama peke yake. Ilikuwa pia ni mikono ya ziada, iliyofika mara kwa mara, bila kukatika. Kipeperushi kimoja kinachobandikwa zahanati baada ya dhoruba kiko upande wa kundi la pili.

Kuna wanaosema tumekulia vumbini na hatukufa, tena kwamba mtoto anayelindwa mno hajengi kinga. Sehemu ya pili ya hoja hii ina msingi wa kisayansi, na haifai kudhihakiwa. Watoto waliolelewa kwenye mashamba ya mifugo kusini mwa Ujerumani wameonekana kupata pumu kwa uchache kuliko wenzao wa vijiji hivyo hivyo wasio na mifugo, na watafiti wa ile roboti inayotambaa wenyewe walikiri kuwa baadhi ya vijidudu vya sakafuni huenda vikamfaa mtoto. Lakini kinachotajwa huko ni viumbe hai vya zizini, katika maisha ya kila siku, kwa kiasi ambacho mwili unakimudu. Unga wa mawe, masizi na risasi havimfundishi mwili chochote. Ama ile ya kwamba hatukufa, anayeisema ni yule aliyepona. Wenzetu waliozikwa kwa nimonia kabla ya kutimiza miaka 5 hawawezi kuja kupinga. Mtoto acheze udongo nje, apande miti, achafuke. Lililo tofauti ni kulala ndani ya vumbi kwa saa 10 kila usiku.

Pingamizi la maji ni zito zaidi, kwa sababu sehemu zenye vumbi jingi ndizo zenye maji machache. Kumwambia mtu wa Marsabit anayefuata maji mbali, au wa pembezoni mwa Dodoma anayenunua kwa ndoo, kwamba apige deki nyumba nzima kila siku, ni kutojua anaishije. Jibu la kweli ni kupanga kipi kianze. Chumba anacholala mtoto na eneo analotambaa vinatangulia sebule ya wageni. Tambara linalokamuliwa vizuri halihitaji zaidi ya lita chache kwa chumba, na maji yaliyosuuzia nguo yanatosha kunyunyizia sakafu ya udongo na uwanja. Kuna siku hata hayo hayapo. Siku hiyo ni afadhali kumtoa mtoto nje, kukusanya taratibu kwa ufagio uliolowekwa ncha tu, na kumrejesha jioni, kuliko kufagia kwa nguvu akiwa amekaa pembeni. Hata hivyo nakubali kwamba mahali ambapo bomba liko umbali wa saa nzima kwa miguu, suala la vumbi na suala la maji ni suala moja, na halimalizwi na tambara.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na vumbi ilhali moshi wa kuni na mkaa unaua zaidi. Wako sahihi juu ya moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani itokanayo na kupikia ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zikiwamo roho za watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Familia yenye uwezo wa kufanya jambo moja tu mwaka huu, itoe jiko nje ya chumba cha kulala. Lakini kifua ni kimoja, na mapafu yaliyokwisha kuchubuliwa na moshi ndiyo yanayolipokea vumbi vibaya zaidi. Tena kuhama kutoka mkaa kwenda gesi kunataka mtungi na fedha ya kuujaza kila unapokwisha, wakati kulowesha tambara hakusubiri mshahara.

Limebaki pingamizi ambalo wanaume hatulitaji, nalo ndilo ninaloliona la haki kuliko yote: kila ushauri wa usafi ni saa nyingine inayoongezwa kwenye siku ya mwanamke. Anayeamka kabla ya alfajiri, akachota maji, akapika na kwenda shamba, leo anaambiwa pia afute kenchi. Jersey City inatupa jibu ambalo si hotuba. Kama kilichofanya kazi ni mikono ya ziada, basi mikono hiyo itafutwe, na ya kwanza imo ndani ya nyumba hiyo hiyo, ya baba na ya vijana wa kiume waliokwisha kukua. Kufuta juu ya kabati na kukung'uta zulia zito ni kazi ya mwenye kimo na misuli, na hakuna mila ya kabila lolote iliyoandika kwamba tambara lina jinsia.

Mikono mingine ni ya umma. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, tayari unazilipa kaya masikini kwa kazi za muda za kuchimba malambo na kutengeneza barabara. Katika wilaya kavu siku chache za kazi hizo zingeweza kutengwa baada ya upepo mkubwa kwa ajili ya madarasa ya awali na nyumba za wazee wanaolea wajukuu. Kenya ilisambaza wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023, watu wanaoingia majumbani kila mwezi na wanaojua ni mlango upi una mtoto mwenye pumu. Ndio wanaofaa kupewa orodha ya nani asaidiwe kwanza. Mamlaka za hali ya hewa zinatangaza upepo mkali na kuwaonya wavuvi. Tangazo hilo lingeweza kubeba sentensi mbili za siku inayofuata: msifagie pakavu, na shule zisiwatume watoto kufagia. Afisa elimu wa wilaya hahitaji bajeti mpya kuandika waraka kwamba baada ya dhoruba darasa linanyunyiziwa maji na kufagiwa jioni wanafunzi wakishaondoka, na kwamba wa zamu ni watu wazima.

Bajeti itahitajika kwenye sakafu. Saruji iliyochimbika haifutiki, na darasa lenye sakafu ya udongo litatoa vumbi lake lenyewe hata upepo usipovuma. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 12 Julai kuwa siku ya kupambana na dhoruba za mchanga na vumbi, na miaka ya 2025 hadi 2034 kuwa muongo wa kazi hiyo. Julai ni katikati ya kiangazi chetu na ndio mwezi ambao mwaka wetu wa fedha unaanza. Halmashauri za Dodoma, Singida na Shinyanga zinaweza kuutumia mwezi huo kuhesabu ni madarasa mangapi ya awali na ya darasa la kwanza hayana sakafu inayopigika deki, na kuyapangia saruji kabla ya kuyapangia madawati mapya.